"Ipo, haionekani tu": kialama kilichopotea pembeni ya saa



Leo sina habari ya mzigo mpya wala bei ya dola. Nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kama punje ya mchele: kile kialama kinachokaa kwenye kona ya skrini ya kompyuta, pembeni ya saa. Mie kimenigharimu, na nimeona bora niandike kabla hakijamgharimu mwengine.

Nijieleze kwanza kwa wasionijua. Mie si mtu wa kompyuta. Nimemaliza Fomu Foo, matokeo yakawa vile yalivyokuwa, nikaingia dukani. Nina duka la khanga na vitambaa hapa Darajani, mlango mmoja tu. Kompyuta nimejifunza mwenyewe, kwa kubonyeza, kuharibu na kumsumbua fundi. Wateja wangu wakubwa si watalii. Ni kina mama wa shamba, wa Makunduchi, Chwaka, Mkokotoni, wanaochukua mzigo kwa mali kauli, wanakwenda kuuza kwao, halafu wanalipa kidogo kidogo. Laki leo, thalathini elfu wiki ijayo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mali yangu haipo kwenye rafu. Ipo mikononi mwa watu, na kinachoniunganisha nayo ni kumbukumbu za nani kachukua nini, lini, na kabakisha ngapi.

Wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mie daftari langu nililiweka kwenye kompyuta. Na kwa kuwa najua kompyuta hufa, niliweka programu nyengine ya kunakili kila kitu na kukipeleka kwenye hifadhi ya intaneti. Nataka hilo mlijue mapema, maana watu wakisoma habari kama hizi hukimbilia kusema "huyu hakufanya bekapu". Nilifanya.

ILIVYOKUWA

Ile programu ya kunakili ilikuwa na alama yake pembeni ya saa. Ikiwa kijani, nakala imefika. Ikiwa nyekundu, kuna tatizo. Programu yenyewe sikuwahi kuifungua tena tangu siku niliyoiweka. Asubuhi nawasha kompyuta, jicho linakwenda kwenye kona, kijani, bismillah, naanza kazi. Mara mbili iligeuka nyekundu. Zote mbili sababu ilikuwa moja: nafasi ya bure kule kwenye intaneti imejaa. Nikafuta picha za vitambaa vilivyokwisha, ikarudi kijani. Nikajiona nimeshafika.

Oktoba 2025 mambo yakabadilika. Tarehe 14 ya mwezi ule Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta yangu ni ya mtumba, na Windows 11 inadai vifaa vya ndani ambavyo mashine nyingi za zamani hazina. Yangu ikakataliwa. Kununua nyengine sikuwa na uwezo. Fundi akanishauri tuhamie Linux: ni ya bure na inakwenda vizuri kwenye mashine za zamani. Nikakubali, na mpaka leo sijutii kuhama. Akaweka aina inayoitwa Debian, na sura yake ya skrini ndiyo ile inayoitwa GNOME. Programu ya mauzo ikafanya kazi. Ile ya kunakili ina toleo lake la Linux, akaiweka pia.

Siku ya kwanza nikaona mabadiliko. Saa imehamia juu, katikati. Kona ya kulia kuna sauti, mtandao na sehemu ya kuzimia. Basi. Kialama changu cha kijani hakipo.

"Fundi, ile alama yangu iko wapi?"

"Ipo sheikh, haionekani tu. Programu inafanya kazi ndani kwa ndani. Usijali."

Na hakunidanganya. Nikaingia kwenye simu kuangalia, nikakuta mafaili ya siku ile yamefika. Nikaridhika. Tangu hapo nikaacha kuangalia.

Wiki moja kabla ya Ramadhani umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi kwa kishindo. Kompyuta haikuwaka. Diski imekufa. Fundi akahangaika nayo siku tatu, hakutoa hata faili moja. Mie nikamwambia hamna tabu, kila kitu kipo kwenye intaneti. Nikafungua simu mbele yake.

Faili la mwisho lilikuwa la tarehe 22 Novemba.

Nafasi ilikuwa imejaa tena, kama zile mara mbili za mwanzo. Programu ikaacha kunakili, ikageuza alama yake kuwa nyekundu kama ilivyotengenezwa, na ikakaa hivyo wiki kumi na moja. Nyekundu, mahali ambapo jicho la mtu haliwezi kufika.

WIKI KUMI NA MOJA NI NINI?

Kwa asiyeuza nguo niseme: hizo ndizo wiki ambazo kina mama wanachukua mzigo wa Sikukuu. Kumbukumbu za mwezi wa saba zikipotea, nitaumia. Za kuelekea Ramadhani zikipotea, nimekwisha.

Nilikaa na simu siku nne. Nikapitia meseji za malipo, nikapitia WhatsApp moja moja ("nitumie picha ya zile za rangi ya zambarau", "nimechukua jora mbili"), nikapiga simu kwa wateja 27. Makisio yangu nilikuwa nadai kama milioni nne na laki nane. Nilichoweza kukithibitisha ni milioni tatu na laki tisa. Hiyo laki tisa iliyobaki nimeisamehe, si kwa ukarimu, bali kwa kuwa sina cha kuonyesha. Siwezi kumwambia mama wa watu "unadaiwa" kwa kukumbuka kwangu tu. Nikimkosea mmoja, kijiji kizima kitasikia kabla ya magharibi.

Kuna mama mmoja wa Makunduchi nilimpigia nikamwambia, kwa hesabu zangu mama yangu, imebaki laki moja na ishirini. Akanyamaza. Nikajua nimeshaharibu. Akaniambia, "Subiri mwanangu, nitazame." Nikasikia kurasa zinafunuliwa. Akarudi: "Laki moja na arobaini na tano. Umesahau zile mbili za mwisho." Ana daftari la skuli, la kurasa 48, analiandika mwenyewe kwa kalamu. Kumbukumbu zake zilikuwa salama kuliko zangu zenye kompyuta, intaneti na kialama cha kijani.

Niliona haya, kusema kweli. Na ile haya ndiyo iliyonifanya nitafute kujua kilichotokea hasa.

KWA NINI ALAMA ILIPOTEA

Alama hizi za pembeni ya saa tulizizoea tangu Windows 95, iliyotoka Agosti 1995. Wazo lake ni jepesi. Kuna programu zinafanya kazi kimya kimya: antivairasi, ya kunakili mafaili, ya kuangalia betri ya UPS. Hazina haja ya dirisha kubwa, lakini mwenye kompyuta anahitaji kujua kama ziko hai. Basi zikapewa kama baraza. Sie wa Mji Mkongwe tunajua baraza ni nini. Mzee anakaa nje ya mlango wake, ukipita unamwona, unamsalimia, unaendelea. Asipokuwepo siku mbili, unabisha hodi.

Linux nayo ilikuwa na baraza zake. Lakini mwaka 2011 watengenezaji wa GNOME walitoa toleo lao la 3, wakaanza kuzisogeza zile alama pembeni. Septemba 2017, kwenye toleo la 3.26, wakaiondoa kabisa ile sehemu zilimokuwa zinakaa. Mwisho wa mwaka 2020 ikatoka GTK 4, ile seti ya vifaa ambayo waandishi wa programu huitumia kujengea madirisha na vitufe, na kifaa cha zamani cha kutengenezea alama hizo hakimo tena.

Wana sababu zao, na nimezisoma kwa moyo mweupe. Kila programu ilikuwa inajibandika pale, hata isiyo na la kusema. Moja unaibonyeza inafunguka, nyengine inataka mara mbili, nyengine haifanyi kitu. Na njia ya zamani yenyewe ilikuwa ya kupachika: programu inatia kidirisha chake kidogo ndani ya mstari ambao si wake. Mfumo mpya wa kuchora skrini kwenye Linux, unaoitwa Wayland, hauna njia ya kuingiliana nyumba namna ile, na kwa usalama ni jambo jema.

Ikaja njia mpya, ambapo programu inapeleka ujumbe tu, halafu mstari wenyewe unachora alama. KDE wanaitumia. Ubuntu wanaipata kupitia kiongezo kinachoitwa AppIndicator, na kwao kinakuja tayari. Lakini GNOME ya Debian, kama niliyowekewa mie, haionyeshi alama hizo mpaka mtu akiweke kiongezo hicho na kukiwasha.

Na nyie wa Windows 11 msicheke. Alama nyingi kwenu zimefichwa nyuma ya kimshale kidogo, na mtu anatakiwa azitoe moja moja. Wangapi kati yetu tumewahi kukibonyeza kimshale kile tukaangalia nani kakaa mle ndani na ana rangi gani?

NANI WA KULAUMIWA?

Hapa ndipo penye maoni yangu, na mnaweza kunipinga.

Walioondoa baraza siwalaumu sana. Kazi yao wanatupa bure, na nyumba yao wana haki ya kuipanga. Ila ukiondoa mahali ambapo watu walikuwa wanapata habari, habari zenyewe bado zipo na bado zinatafuta pa kutokea. Mtu wa kawaida hasomi maelezo ya toleo jipya. Anawasha mashine, anaona kona tupu, anadhani mambo ni shwari.

Ninaowalaumu zaidi ni waandishi wa ile programu ya kunakili. Programu inaweza kuuliza kama mahali pa kuweka alama papo au hapapo, hilo linawezekana. Yangu ama haikuuliza, ama iliuliza ikanyamaza. Na habari nzito kama "nimeacha kulinda mali yako" walikuwa hawana pengine pa kuisemea isipokuwa kwenye rangi ya kialama. Wangeweza kutuma barua pepe. Wangeweza kutoa tangazo katikati ya skrini, maana matangazo GNOME inayaonyesha hadi leo. Mlinzi wa usiku akiona mlango umevunjwa hageuzi kofia akangoja upite uione. Anapiga kelele.

Fundi je? Fundi alijibu swali nililomuuliza. Swali langu lilikuwa "ipo?" na ilikuwepo. Swali nililopaswa kuuliza ni jengine: "Ikiacha kufanya kazi, nitajuaje?" Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa, na sie wafanyabiashara tunauliza la kwanza tu. Tunauliza freza inagandisha? Inagandisha. Hatuulizi ikizima usiku nani atajua kabla samaki hawajaoza.

Na mie mwenyewe ndiye wa kulaumiwa zaidi, kwa sababu nilizoea kuusoma ukimya vibaya. Zamani, bila nyekundu maana yake salama. Alama ilipoondoka, nikaendelea na hesabu ile ile: sioni nyekundu, basi salama. Kumbe siku ile ukimya ulikuwa umebadilika maana na mie sikubadilika nao.

Wenye umri wangu mnakumbuka kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu Unguja haina umeme. Mwaka mmoja na nusu nyuma, Mei na Juni 2008, tulikuwa tumeshaonja mwezi mzima. Mie nilikuwa mdogo, nakumbuka kelele za majenereta hapa mjini na foleni za ndoo za maji. Kisiwa kizima kilikuwa kinategemea waya unaolala chini ya bahari kutoka bara mpaka Fumba, na mtaani kwetu sikuwahi kumsikia mtu akiutaja mpaka ulipoleta balaa. Mwaka 2013 ukaja waya mpya wa megawati 100. Nasema haya kwa sababu kila duka lina waya wake wa chini ya bahari: kitu kinachofanya kazi bila kuonekana, ambacho siku kikiacha ndiyo unajua ulikuwa unakitegemea. Kitu kama hicho lazima kiwe na siku yake ya kukaguliwa.

"RUDI KWENYE DAFTARI"

Ami yangu ana duka Mkunazini tangu mie sijazaliwa. Alipopata habari alicheka kwanza, kisha akatoa daftari lake jeusi chini ya meza. "Hili halina kijani wala nyekundu," akasema. "Likiwepo lipo."

Ami ana hoja, na wengi wenu mtasema hivyo hivyo. Daftari likipotea, unajua leo hii kwamba limepotea, kwa sababu mkono unalitafuta na haulioni. Halijui kujifanya lipo. Hiyo ni sifa kubwa na kompyuta hazina.

Lakini ami naye ana daftari moja tu. Masika moja maji yaliingia dukani kwake, kurasa zikagandana, akakaa wiki anazibandua kwa kisu kama anayemenya kitunguu. Waliochukua mzigo mwezi ule hakuwajua wote, na hakulipwa na wote. Tena daftari halikwambii mwisho wa siku nani amepitisha miezi mitatu hajalipa. Kwa hiyo sikurudi kwenye daftari. Nimechukua kutoka kwake tabia moja: kukishika kwa mkono, kila siku, kile unachodai unacho.

NINAVYOFANYA SASA

Haya ndiyo niliyojiwekea. Chukua linalokufaa.

1. Kabla fundi hajabadilisha chochote, piga picha ile kona. Fungua na kimshale kama kipo, upige picha alama zote zilizojificha. Hiyo ndiyo orodha ya watumishi wako wa kimya. Baada ya kazi, mkae na fundi muipitie moja moja: huyu yuko wapi, huyu yuko wapi. Usimlipe kabla hamjamaliza.

2. Kwa kila mmoja uliza maswali mawili. Inafanya kazi? Ikiacha, nitajuaje? Jibu la "usijali" si jibu. Jibu zuri ni kama "itakutumia meseji", au "utaona tangazo", au "fungua hapa uangalie tarehe".

3. Kama unatumia Debian yenye GNOME, mwambie fundi aweke kifurushi kinachoitwa gnome-shell-extension-appindicator, atoke kwenye akaunti na kuingia tena, kisha akiwashe kwenye programu ya viongezo. Mie alama yangu ilirudi hivyo, kazi ya dakika tano. Ukiona viongezo vinakushinda, Linux Mint yenye Cinnamon, au sura za KDE na Xfce, bado zina sehemu ya alama bila kuongeza kitu. Na kila ukipandisha toleo la GNOME, angalia tena, maana kiongezo huweza kukataa kufanya kazi na toleo jipya.

4. Kama unatumia Windows 11, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya mstari wa chini, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta sehemu ya alama nyengine za pembeni, washa zile zinazolinda mali: bekapu, antivairasi, UPS. Za mapambo ziache zilale.

5. Hakiki upande wa pili. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Hata alama ikiwa kijani, hiyo ni kauli ya programu inajisifu yenyewe. Mie sasa kila jioni kabla ya kufunga naingia kwenye ile hifadhi kwa simu, si kwa kompyuta, naangalia tarehe ya faili la mwisho. Ikiwa ya leo, naandika tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Ikiwa ya jana, sifungi duka mpaka nijue kwa nini. Dakika mbili.

Uzuri wa karatasi ya ukutani ni kwamba nikisahau, pengo linaonekana. Nimeugeuza ukimya: zamani kutokuona kitu kulinituliza, sasa kutokuona tarehe kunanishitua. Hata kijana anayenisaidia, asiyejua lolote la bekapu, juzi aliniambia, "Kaka, ya jana hujaandika."

6. Mara moja kwa mwezi rudisha faili moja. Lichukue kutoka kwenye nakala, lifungue, lisome. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni tumaini tu.

7. Alhamisi usiku nachapa ukurasa mmoja: jina, kiasi, tarehe ya mwisho kulipa. Ukurasa mmoja tu, unakwenda nyumbani. Na kina mama wote nimewapa vidaftari vidogo wajiandikie na mie nitie saini kila wanapochukua mzigo. Wazo hilo sikulitoa kwenye kompyuta, nimelitoa Makunduchi.

LA MWISHO

Kuna wenzetu watakaosoma hapa na kusema hizi ni habari za wenye kompyuta, mie natumia simu tu. Ndugu yangu, simu yako nayo ina mambo ya kimya. WhatsApp inanakili mazungumzo yako usiku, au imeacha tangu mwaka jana kwa sababu nafasi imejaa. Picha zako za risiti zinapanda kwenye intaneti, au hazipandi. Umeangalia lini?

Watengenezaji wataendelea kuondoa vitu na kuweka vyengine, leo kialama, kesho kitu chengine, na hawatakuja Darajani kutuuliza. Wala mie sitegemei waje. Sie kazi yetu ni kuhakikisha kwamba kikiondoka tunajua siku ile ile, tusingoje wiki kumi na moja na mwezi wa Ramadhani mlangoni.

Kwa hiyo kabla hujanipa moyo au dole gumba, weka simu chini, washa kompyuta, nenda kaangalie tarehe ya faili la mwisho. Ikiwa ya leo, alhamdulillah. Ikiwa si ya leo, bora umejua sasa hivi. Halafu mtumie na mwenzio wa duka la pili.